Guashi na Udongo wa Rangi katika Uwanda wa Makonde

Msafiri atokaye Masasi kuelekea mashariki huviacha nyuma vile vilima vya mawe vilivyosimama kila kimoja peke yake kama majahazi bandarini, na baada ya mwendo usio mrefu huanza kuuona mbele yake ukingo wa Uwanda wa Makonde. Chiwata ipo pande hizo, na ni mojawapo ya vituo vya zamani vya misheni ya UMCA katika nchi ya Masasi. Mgeni aliyevaa nguo nyeupe hana haja ya kuambiwa habari za udongo wa huko, kwa kuwa jioni atazikuta zimeandikwa katika pindo la suruali yake, nyekundu kwanza, kisha ya manjano kidogo kama amepita mabondeni. Akizifua atatambua jambo la pili, nalo ni kwamba doa la udongo ule halitoki upesi. Makala haya yanahusu doa hilo, yaani udongo unaokubali kuwa rangi, na namna unavyohusiana na rangi ile ya wachoraji ambayo Wafaransa huiita gouache, nasi hapa tutaiita guashi.

Sababu ya kuandika ni swali nililoulizwa na mwalimu mmoja wa kuchora katika shule ya pande hizo. Alikuwa na kisanduku cha rangi zilizotiwa katika vibomba vidogo, zawadi ya mgeni, na juu ya kifuniko neno hilo la Kifaransa. Akaniuliza Kiswahili chake. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni rangi ya maji. Akatabasamu kwa adabu, akasema, “Mzee, rangi ya maji ni ile tuliyopaka darasa hili mwaka jana kwa ndoo mbili.” Alikuwa na haki. Katika maduka yetu yote rangi ya maji ni ile ya kupaka kuta, na rangi ya mafuta ni ile ya milango na madirisha. Mchoraji akiagiza rangi ya maji mjini ataletewa debe. Basi swali lilikuwa la lugha; lakini kila nilipojaribu kulijibu kwa lugha peke yake nilirudishwa kwenye udongo wenyewe, kwa sababu mtu hawezi kukipa jina zuri kitu asichokijua kilivyotengenezwa.

Guashi ni rangi inayoyeyushwa kwa maji na kushikwa na gundi, nayo hufunika kilichopo chini yake. Neno lenyewe limetoka katika Kiitaliano, guazzo, lenye maana ya maji yaliyotuama au mahali pa kuchezea maji, likapita Ufaransa na kupata sura yake ya sasa katika karne ya 18. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko neno. Waandishi wa vitabu vya mkono vya Ulaya ya kale, na wachoraji wa picha ndogo ndogo za Uajemi na za majumba ya wafalme wa Kimogoli huko Bara Hindi, walichora kwa rangi za namna hii. Hata katika karne ya 20 Henri Matisse, alipokuwa mzee asiyeweza kusimama muda mrefu mbele ya picha, aliwaagiza wasaidizi wake wapake karatasi guashi, kisha yeye akazikata kwa mkasi na kuzipanga. Aliichagua rangi hiyo kwa kuwa hukauka bila kung'aa na hukaa sawasawa juu ya karatasi nzima.

Tofauti ya guashi na ile rangi nyembamba ya maji ya wachoraji haiko katika gundi, maana gundi ni ile ile. Iko katika kipimo. Katika rangi nyembamba unga ni mchache na umesagwa laini kabisa, hivyo nuru hupenya, hugonga karatasi nyeupe na kurudi kwa mtazamaji. Katika guashi unga ni mwingi na gundi ni kidogo. Mara nyingine huongezwa chaki au unga mwingine mweupe. Rangi inapokauka, gundi haitoshi kujaza nafasi zote baina ya chembe, na hewa huingia humo. Hewa hiyo ndiyo siri ya kufunika. Nuru ikipita kutoka hewani kuingia katika chembe hupinda na kutawanyika, kwa hiyo haifiki chini.

Jambo hili linaelezwa katika vitabu kwa hesabu, lakini mwanamke yeyote aliyepata kupaka nyumba kwa udongo mweupe amekwisha liona kwa macho. Udongo mweupe ukiwa mbichi ukutani hauonekani. Ukuta huwa wa kijivu, na mgeni katika kazi huongeza mkono wa pili na wa tatu akidhani amepunja. Mzoefu hungoja. Jua likipanda ukuta hugeuka mweupe kama aliyevuliwa kilemba. Udongo mweupe hupinda nuru kwa kiasi cha 1.56, maji kwa 1.33 na hewa kwa 1. Ukiloa, tofauti ni ndogo. Ukikauka ni kubwa, na weupe hutokea. Kwa sababu iyo hiyo, udongo huo ukichanganywa na mafuta ya kitani, ambayo kiasi chake ni karibu 1.48, huwa kama maji ya mchele usio na maana. Basi udongo mweupe hauwezi kuwa rangi nyeupe ya mafuta, lakini ni rangi nyeupe halali ya guashi. Wale wanaoudharau wameujaribu katika mafuta.

Nyekundu haina udhaifu huo. Wekundu wa udongo wa Uwanda, kama ulivyo wekundu wa udongo mwingi wa nchi za joto, ni chuma kilicholiwa na hewa na maji, na chembe zake hupinda nuru kwa karibu 3; hufunika katika maji, katika mafuta, na, kama tulivyokwisha ona, katika suruali. Udongo wa manjano ni chuma hicho hicho kilichoshikana na maji. Mtu akiutia motoni, joto likifika karibu digrii 300 maji hutoka, na manjano hugeuka nyekundu. Wafinyanzi hawana haja ya kufundishwa haya. Chungu kilichopakwa manjano kabla ya kuchomwa hutoka motoni chekundu, na mfinyanzi alikuwa amekusudia hivyo tangu mwanzo. Hudhurungi iliyokolea hutokea penye madini mengine ya manganisi pamoja na chuma. Nyeusi haitoki katika udongo wa huko bali katika makaa na masizi. Masizi ni hodari wa kutia weusi, lakini huelea juu ya maji na kukataa kulowa mpaka yatiwe tone la sabuni au la spiriti. Makaa yaliyosagwa ni mapole zaidi, ingawa weusi wake una ubuluu kidogo.

Isidhaniwe kwamba kila udongo mwekundu ni rangi. Uwanda wa Makonde ni nchi ya mawe ya mchanga, na ardhi yake ya juu ni mchanga mwingi uliovikwa wekundu mdogo. Ukiuchota na kuupaka karatasini utapata msasa. Udongo ufaao hutambulikana kwa kidole. Ukisuguliwa baina ya kidole gumba na cha shahada pamoja na mate kidogo, huteleza bila kukwaruza, na ukijaribu kuufuta hubaki katika mistari ya ngozi. Bibi mmoja mfinyanzi, nilipomletea mafungu manne niliyoyachimba kwa bidii, aliyagusa yote kwa kidole hicho kimoja, akatupa matatu. La nne akaliweka kwenye ulimi, akatema, akasema, “Huu, mwanangu. Ile mingine ni njia ya watu.”

Hata ule uliokubaliwa hauna budi kusafishwa. Hutwangwa ukiwa mkavu, hutiwa ndani ya chombo cha maji mengi na kukorogwa kwa nguvu. Kisha mtu hutulia kwa muda wa kuhesabu taratibu mpaka thelathini hivi. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, hutangulia kushuka. Yale maji mekundu yaliyo juu humiminwa katika chombo cha pili kabla hayajatulia, na mashapo ya kwanza hutupwa. Katika chombo cha pili maji huachwa usiku kucha. Asubuhi juu ni maji safi na chini ni tope laini kama samli, ambalo hukaushwa juani katika vigae. Mwenye subira hurudia mara mbili. Ni kazi isiyo na gharama, ila maji. Nami naliona mapema kwamba katika Uwanda, ambako tangu zamani watu wameshuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, maji ya kuoshea udongo si neno la mzaha. Hakuna aliyeninyima, lakini kila mara nilipomimina yale maji safi ya juu nilitazamwa. Baadaye nikayaweka kando kwa kazi ya kufinyangia, na nyuso zikakunjuka.

Sasa tuingie katika gundi, na hapa pana mengi ya kusemwa, kwa kuwa ndipo watu wetu wengi wanapokosea. Gundi ya wachoraji wa guashi duniani kote ni utomvu wa mgunga, mti ambao wataalamu waliuita Acacia senegal na siku hizi huuita Senegalia senegal. Sudan ndiyo nchi iuzayo nyingi kuliko zote. Utomvu huo huyeyuka katika maji na, ukikauka, hubaki kama kioo chembamba. Tena ukiloweshwa huyeyuka upya, na ndiyo sababu guashi iliyokauka katika kibomba huweza kufufuliwa.

Mtu wa kusini akisikia habari za utomvu wa thamani hukumbuka kwanza sandarusi. Si ajabu. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini katika mrima ilikuwa bidhaa kubwa ya Unguja, ikasafirishwa mpaka Bombay, Hamburg na Salem ya Marekani. Lakini sandarusi haiyeyuki katika maji kabisa. Ilitakiwa na watengenezaji wa vanishi, waliopika donge lake kwa moto mkali na mafuta. Nimemkuta kijana aliyetwanga sandarusi, akaitia majini siku tatu, akakata tamaa na elimu yote ya rangi. Kosa halikuwa lake. Kiswahili kina maneno gundi, ulimbo, utomvu na sandarusi, na katika mazungumzo ya kila siku hutumiwa kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, hali mmoja huyeyuka katika maji, mwingine katika mafuta tu, na ulimbo hauna kazi njema ila kwa mtega ndege.

Walakini kusini kuna mti mwingine, nao hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Mkorosho uliletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazil katika karne ya 16, na leo Newala, Masasi na Tandahimba ni nchi ya mikorosho kuliko kitu kingine. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu wa rangi ya asali unaokauka vipande vipande. Utomvu huo ni wa jamii ya sukari, hasa ile iitwayo galaktosi, nao huyeyuka katika maji. Wataalamu wa kemia wameuchunguza kwa miaka mingi kuona kama waweza kushika mahali pa gundi ya mgunga. Usichanganywe na mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi na kuacha kovu. Mtoto akitumwa kuleta gundi ya mkorosho hana budi kuelezwa kwamba ni ya gome wala si ya ganda.

Kipimo nilichokitumia ni kile cha kawaida cha gundi ya mgunga, yaani sehemu moja ya gundi kwa sehemu mbili za maji kwa uzani. Huachwa usiku mmoja na kuchujwa kwa kitambaa. Hutiwa asali kidogo, kadiri ya robo ya gundi au pungufu, ili rangi isipasuke inapokauka. Mwisho hutiwa matone machache ya mafuta ya karafuu, ambayo huzuia ukungu. Hata viwanda vya Ulaya viliyatumia zamani, na sisi tulio majirani wa Pemba hatuna sababu ya kuyakosa. Unga wa rangi huwekwa juu ya jiwe bapa, gundi huongezwa kwa uangalifu, na mchanganyiko husagwa kwa jiwe la mkono mpaka sauti ya kukwaruza ikome. Kisha hupakwa karatasini na kungojwa. Ikikauka na kumwagika vumbi unapoigusa, gundi imepungua. Iking'aa na kupasuka kama tope la bwawa, gundi imezidi. Udongo haulingani, manjano hunywa gundi zaidi kuliko mweupe, na hakuna kitabu kitakachokuambia udongo wako wewe unataka kiasi gani. Tena mchoraji azoee udanganyifu mmoja wa guashi: rangi zilizokoza hukauka zikiwa hafifu zaidi, na zile hafifu hukauka zikiwa zimekoza.

Je, mambo haya ni mageni kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hiyo? Gundi ndiyo ngeni, lakini udongo si mgeni. Mapiko, yaani vile vinyago vya kuvaliwa kichwani katika ngoma za Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi, hupambwa kwa nywele na kuchorwa chale kwa nta, kisha hupakwa rangi. Na kabla ya makopo ya dukani rangi hiyo ilikuwa ya udongo. Nyumba zilipakwa na kuchorwa. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, alitazama michoro ya ukutani na kuwapa watu kalamu na karatasi wamchoree. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatafsiriwa kwa Kiingereza na Bibi Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika London. Hapana budi kumsoma Weule kwa hadhari, kwa maana aliandika kama mtu wa serikali ya siku zile, na mengi aliyoyadhani juu ya akili za wachoraji wake ni aibu kuyasoma. Lakini alihifadhi michoro, na michoro haisemi maneno yake.

Katika jando la Wayao, wachunguzi wa zamani wameeleza picha kubwa za wanyama zilizofinyangwa juu ya ardhi na kupambwa kwa unga, majivu na rangi nyekundu, ambazo ziliitwa inyago. Picha hizo zilifundishiwa, kisha zikaharibiwa. Lyndon Harries, ambaye wasomaji wa kurasa hizi wamjua zaidi kwa kazi yake juu ya ushairi wa Kiswahili, aliwahi kuwa padre wa UMCA katika nchi ya Masasi, akaandika mwaka 1944 juu ya jando na unyago wa Wamakonde. Yaliyo ya siri sitayagusa. Ninalotaka lionekane ni kwamba katika kazi hizi zote rangi haikukusudiwa kudumu. Ukuta hupakwa tena baada ya masika, picha ya ardhini hufutwa, na mwili huoshwa. Udongo ulishikwa na utepe wake wenyewe, bila gundi, na hilo lilitosha. Anayedai kwamba watu hawa hawakujua kutengeneza rangi ya kudumu anawalaumu kwa kutotengeneza kitu wasichokihitaji.

Na kudumu, udongo wajua. Michoro ya mawe ya Kolo na sehemu nyingine za Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, nyingi ni ya udongo mwekundu. Katika pango la Blombos, Afrika ya Kusini, kulipatikana kombe za baharini zenye mabaki ya rangi iliyochanganywa kwa udongo mwekundu, makaa na mafuta ya mifupa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2011, na umri wake ni kama miaka 100,000. Chuma kilichokwisha liwa na kutu hakina la kuogopa juani. Rangi nyingi za kupendeza katika vibomba vya guashi, hasa zile za waridi na zambarau, hufifia zikitundikwa mwangani miaka michache, kwa kuwa zilifanywa kwa wachoraji wa matangazo ambao picha zao zilipigwa chapa na kutupwa. Mwalimu yule wa Chiwata alikuwa akizitunza rangi za kibombani kwa siku kuu, na kuwapa wanafunzi udongo kwa mazoezi. Kwa upande wa kudumu, ingefaa kinyume.

Turudi kwenye lugha. Neno rangi tumelipokea kutoka Kiajemi, nalo limekuwa mtumishi wa kazi nyingi kupita kiasi. Ni kile kionekanacho kwa jicho, ni unga ulio gunzini, ni mchanganyiko ulio koponi, na ni maji ya kuchovyea nguo. Mwenye kutafsiri kitabu cha sanaa hukwama katika ukurasa wa kwanza. Lakini yafaa tusilaumu upesi. Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo katika vitenzi: twapaka rangi ukuta, twatia rangi kitambaa, twachovya ukili, twakoleza, twafifisha. Asemaye “imepakwa” na asemaye “imetiwa” hawasemi jambo moja, na hakuna Mswahili anayewachanganya. Mtunga istilahi anayeanza na nomino peke yake huacha nusu ya mali yake nyumbani.

Majina ya rangi nayo yanastaajabisha. Sifa zetu za asili ni tatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, nazo ni zile zile rangi tatu zinazotoka katika udongo mweupe, makaa na udongo wa chuma. Sisemi kwamba lugha ilizaliwa katika shimo la udongo. Lugha nyingi za mbali zina tatu hizo kwanza. Baada ya hizo tumeazima kwa mimea na bidhaa: manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, kijani ni jani, na hudhurungi katika kamusi za zamani ni kitambaa. Jina la udongo limebaki kando. Kuna rangi ya kutu, ambalo ni jina la kweli kuliko wasemaji wake wanavyojua, maana kutu na udongo mwekundu ni jamaa wa karibu. Na kulikuwa na ngeu.

Ngeu ni neno la maseremala wa pwani: ule udongo mwekundu unaopakwa uzi, uzi ukavutwa juu ya ubao na kuachiliwa ili uache mstari wa kukatia. Ni neno hilo hilo la jeraha la kichwa litokalo damu. Hili ndilo jina la Kiswahili la udongo mwekundu wa rangi, limekaa katika kamusi tangu zamani, na katika shule za kusini sikumpata mwalimu hata mmoja aliyelijua. Waliniambia “udongo mwekundu”, ambalo ni jina la shamba zima. Askofu Edward Steere, aliyeleta watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi mwaka 1876, ndiye aliyekwisha tunga kitabu cha mafunzo ya Kiswahili mwaka 1870. Maneno mengi ya pwani yalipanda pamoja na misheni. Hili labda lilibaki mkobani mwa seremala.

Kwa hiyo nilimpa mwalimu jibu la pili, ambalo naliweka mbele ya wasomaji walipime. Chembe zenyewe tuziite unga wa rangi. Zikiwa za ardhini, tuseme udongo wa rangi, wala si rangi ya udongo. Maana rangi ya udongo yaweza kuwa ya shati, ya ng'ombe au ya gari, hali udongo wa rangi ni kitu cha kuchimbwa. Mpangilio wa maneno mawili unatosha, bila neno la kigeni. Ngeu irudi kazini kwa ule mwekundu. Gundi libaki kwa kile kishikacho na kuyeyuka katika maji, na sandarusi lisiitwe gundi. Na gouache liwe guashi, likielezwa kuwa ni rangi ya gundi ya kufunika. Nilijaribu kwanza kuliacha neno la kigeni nikasema “rangi ya kufunika” tu, lakini mafundi rangi wa Masasi walinikumbusha kwamba wao huiita hivyo rangi yoyote nzuri; rangi isiyofunika, walisema, ni ya mwizi.

Mwalimu aliuliza kama kuna haja ya yote haya hali rangi ya kopo inapatikana. Ni swali la haki, na katika nchi hiyo lina mfano mkubwa. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya jirani ya Tunduru. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alishika rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, na vipande vya mraba vya ubao wa kubandika dari. Hakurudi kutafuta udongo. Alichukua kilichopatikana kwa bei aliyoiweza mjini, na kabla ya kuuawa mwaka 1972 alikwisha anzisha namna ya kuchora ambayo leo hujulikana kwa jina lake duniani. Mtu hawezi kumwambia mchoraji kama huyo kwamba alikosa. Lakini Tingatinga alikuwa Dar es Salaam, penye makopo. Mwalimu wangu ana wanafunzi wengi, kisanduku kimoja chenye vibomba kumi na viwili, na nyuma ya darasa ana mikorosho na korongo la udongo. Kwake bei inasema kinyume.

Tulitengeneza rangi nne kabla sijaondoka: ngeu, manjano, nyeupe na nyeusi ya makaa. Wanafunzi walizitia katika vichupa vya dawa na kubandika majina. Kibandiko cha chupa ya manjano kiliandikwa “ngeu mbichi”, nami nikataka kukisahihisha, mpaka msichana aliyekiandika aliponieleza kwamba amemwona bibi yake akiipika ikawa ngeu. Nimekiacha. Karatasi nne zilizopakwa rangi hizo zilitundikwa ukutani. Habari nilizoletewa baada ya masika ni kwamba tatu ziko kama zilivyokuwa, na ile nyeupe imeota ukungu pembeni. Ndiyo ambayo nilisahau kuitia karafuu.